Namna ya kutafsiri majina ya wanyama pori wa Amerika Kusini kutoka Kihispania kwenda Kiingereza

Ukipewa ripoti ya askari wa hifadhi kutoka Argentina na ndani yake ukakuta neno "tigre", kamusi haitakusumbua. Itakwambia tiger, yaani simbamarara, nawe utaendelea na sentensi inayofuata. Lakini simbamarara ni mnyama wa Asia. Aliyeacha nyayo kwenye tope la Argentina ni jaguar, paka mkubwa mwenye madoa, na msomaji wa Kiingereza uliyemwandikia tiger umempeleka bara jingine kabisa. Mambo ni hayo hayo kwa "león" wa vijijini Chile, ambaye ni puma, paka mkubwa asiye na madoa, na kwa "avestruz" wa mbuga za pampas, ambaye si mbuni bali ni rhea, ndege mkubwa wa huko asiyeruka.

Chanzo chake kinajulikana. Wahispania walipofika karne ya 16 walikuta wanyama wasiowahi kuwaona, wakawabandika majina ya wale waliowaacha nyumbani au waliosikia habari zao. Wenyeji, wakiwamo Waguarani, Waquechua na Wamapuche, walikuwa na majina yao tangu zamani, na mengi yameingia katika Kihispania cha huko. Kila nchi ikachukua lake. Ndiyo maana leo jina moja linabeba wanyama wanne, na mnyama mmoja anabeba majina saba.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Sisi tuna fisi maji, naye si fisi. Ni mnyama wa mtoni mla samaki, anayeitwa otter kwa Kiingereza. Watu wa Peru nao wana "lobo de río", mbwa mwitu wa mtoni, na huyo ni otter pia, yule mkubwa kuliko wote.

Mwongozo huu unamfaa anayetafsiri ripoti za uhifadhi, maandishi ya utalii, filamu za wanyama au habari za magazeti. Kanuni yenyewe ni fupi: usitoke neno hadi neno. Toka kwenye jina, nenda mahali, kutoka mahali nenda kwenye jina la kisayansi, na hapo ndipo uingie Kiingereza.

Hatua ya 1: Jua matini imetoka nchi gani, na ikiwezekana mkoa gani

Kabla ya kufungua kamusi, tafuta mahali. Angalia jina la mto, la hifadhi, la taasisi iliyoandika. Mara nyingine jina la mnyama lenyewe linakuonyesha. Mfano mzuri ni capybara, mkubwa kuliko wote wa jamii ya panya duniani. Argentina na Uruguay wanamwita "carpincho", Venezuela "chigüire", Colombia "chigüiro", Peru "ronsoco". Ukikutana na "ronsoco" kwenye matini isiyo na anwani, una sababu nzuri ya kuanza kufikiria Amazonia ya Peru. Tapir, mnyama mnene wa msituni mwenye pua iliyorefuka, naye ni hivyo: "danta" Colombia na Venezuela, "anta" Bolivia, na "sachavaca" Peru, jina lililounganisha neno la Kiquechua la msitu na neno la Kihispania la ng'ombe.

Hayo ni majina rahisi, kwa kuwa kila moja lina mnyama mmoja. Kazi iko kwenye majina yanayobadilisha mnyama ukivuka mpaka au bahari. "Gato montés" nchini Hispania ni wildcat wa Ulaya. Argentina ni Geoffroy's cat, paka mdogo wa madoa ambaye hana undugu wa karibu na yule wa Ulaya. "Avutarda" Hispania ni bustard, jamii ya tandawala. Huko Patagonia, kusini mwa Argentina na Chile, ni bata bukini anayeitwa upland goose. "Tordo" nchini Chile ni austral blackbird, lakini ukivuka milima ya Andes kuingia Argentina mara nyingi utakuwa unazungumzia shiny cowbird, ndege anayetaga kwenye viota vya wengine.

"Tití" ndilo linalonasa hata wafasiri wazoefu, kwa sababu Kiingereza nacho kina neno titi, nalo linaonekana kama zawadi. Colombia, "tití cabeciblanco" ni cotton-top tamarin, Saguinus oedipus, nyani mdogo mwenye nywele nyeupe kichwani. Wale ambao Kiingereza kinawaita titi monkeys ni kundi jingine kabisa, na Peru wanawaita "mono tocón". Ukiandika titi kwa sababu tu maneno yanafanana, umeshatafsiri mnyama mwingine.

Hatua ya 2: Fika kwenye jina la kisayansi

Hili ndilo daraja. Jina la kisayansi halijali mpaka wala lugha, na likishathibitika umemaliza nusu ya kazi. Mara nyingi limeandikwa kwenye matini yenyewe, kwenye jedwali la mwisho au chini ya picha, kwa hiyo soma hati yote kabla ya kuanza kutafsiri ukurasa wa kwanza.

Lisipokuwepo, tafuta jina la Kihispania pamoja na jina la nchi, na utafute kwa Kihispania. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ina ukurasa kwa kila spishi iliyotathminiwa, wenye majina ya kawaida ya Kiingereza na Kihispania pamoja na ramani ya maeneo inapoishi. Tovuti ya iNaturalist inakuonyesha picha zilizopigwa na watu mahali halisi. Kwa ndege, tovuti ya eBird ina jambo zuri sana ambalo wengi hawalijui: kwenye mipangilio ya lugha unaweza kuchagua Kihispania cha Argentina, cha Chile au cha nchi nyingine, na majina yote yakabadilika kufuata nchi hiyo. Chagua Kihispania cha Chile, andika "queltehue", utafikishwa kwa Vanellus chilensis. Rudi kwenye Kiingereza, utakuta Southern Lapwing. Huyo huyo Argentina ni "tero".

Kisha linganisha na maelezo ya matini. Mnyama ana ukubwa gani? Anaishi majini, mtini au jangwani? Anaonekana usiku au mchana? Ramani inamkubali mahali hapo? Kama matini inasema "tigrillo" na hakuna kingine, simama. Jina hilo, kutegemea nchi na msemaji, linaweza kuwa la ocelot, la margay au la oncilla, paka watatu wa madoa wanaopishana ukubwa. Kilo zilizotajwa au urefu wa mkia vinaweza kukuamulia: margay ni mdogo kuliko ocelot na mkia wake ni mrefu sana kwa mwili wake, kwa kuwa ni mpanda miti hodari. Visipokuamulia, muulize mteja. Asipojua, andika small spotted cat na uweke "tigrillo" pembeni. Kuacha jambo wazi pale matini ilipoliacha wazi ni tafsiri sahihi kabisa.

Hatua ya 3: Yashughulikie majina ya kuazima, familia kwa familia

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Anza na wanyama wa majini. "Nutria" katika Kihispania cha Hispania ni otter, yaani fisi maji. Colombia pia ni otter. Argentina na Uruguay, "nutria" ni Myocastor coypus, mnyama wa jamii ya panya, mwenye meno makubwa ya rangi ya chungwa, anayekula majani na mizizi. Kiingereza cha Uingereza kinamwita coypu, na cha Marekani kinamwita nutria. Chile wanamwita "coipo". Wakenya wa Naivasha wanaweza kuwa wamesikia habari zake, kwa kuwa aliletwa Kenya kwa ajili ya manyoya, akatoroka na kuingia ziwani.

Kosa la hapa lina uzito. Argentina ina mikoa inayoruhusu uwindaji wa "nutria" kwa msimu na kwa leseni, na ngozi zake huuzwa kihalali. Otter wa huko, Lontra longicaudis, yumo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, ambacho kinazuia biashara ya kimataifa ya mnyama huyo. Ukitafsiri leseni ya kuwinda "nutria" kwa kuandika otter, umeandika kwa Kiingereza kwamba serikali ya mkoa imeruhusu watu kuua mnyama anayelindwa. Hati kama hiyo inaweza kufika mezani kwa ofisa wa forodha, na bei ya kosa hilo itamwangukia mwindaji ambaye hakuvunja sheria yoyote.

Kama "nutria" ya Argentina si otter, basi otter ni nani? Ni "lobito de río", mbwa mwitu mdogo wa mtoni, kwa Kiingereza neotropical otter. Yule mkubwa, Pteronura brasiliensis, Kiingereza kinamwita giant otter. Peru ni "lobo de río", Bolivia "londra", Argentina "lobo gargantilla", kwa sababu ya baka jeupe shingoni. Chile wana wao wawili: "huillín", southern river otter, na "chungungo", marine otter, anayeishi kwenye miamba ya pwani ya Pasifiki.

Kisha kuna "lobo marino", mnyama wa baharini wa jamii ya sili, ambaye tafsiri za mashine hupenda kumwita sea wolf. Wako wa aina mbili, na Kihispania kinawatofautisha kwa manyoya. "Lobo marino de un pelo", wa manyoya ya tabaka moja, ni South American sea lion. "Lobo marino de dos pelos", wa tabaka mbili, ni South American fur seal. Chini ya nywele zake ngumu za juu kuna manyoya laini yaliyosongamana, na hayo ndiyo wawindaji wa zamani waliyoyafuata. Usiandike one-haired wala two-haired. Kiingereza kimeshayabeba maana hayo ndani ya neno fur.

Dubu sasa. Amerika Kusini yote ina dubu mmoja tu wa kweli, Tremarctos ornatus, anayeishi kwenye milima ya Andes. Jina lake ni "oso de anteojos", na Venezuela ni "oso frontino". Kiingereza ni spectacled bear au Andean bear. "Oso" wengine wote chukulia si dubu mpaka ithibitike. "Oso hormiguero" na "oso palmero" ni giant anteater, mnyama mla mchwa mwenye pua ndefu. "Oso melero" ni southern tamandua, ndugu yake mdogo apandaye miti. "Oso perezoso" ni sloth, mnyama wa mitini aendaye polepole sana.

"Zorro" ni fox, na kwa wengi wa Amerika Kusini tafsiri hiyo inakubalika, ingawa wataalamu watakukumbusha kwamba mbweha hao wa jenasi Lycalopex hawatoki katika ukoo mmoja na fox wa Ulaya. "Zorro culpeo" kwa Kiingereza hutosha kuitwa culpeo. Lakini "zorrino" na "zorrillo", ambayo kwa umbo ni vijineno vya udogo wa "zorro", ni skunk, yule anayerusha maji yanayonuka. Usidanganywe na neno la Kiingereza zorilla. Limetoka kwenye mzizi huo huo wa Kihispania, lakini linamtaja mnyama wa Afrika, Ictonyx striatus, ambaye sisi tunamwita kicheche.

"Comadreja" katika kamusi ni weasel. Argentina na Uruguay ni opossum, mnyama abebaye watoto mfukoni. "Comadreja overa" ni white-eared opossum. Na andika opossum kwa ukamilifu wake, kwa kuwa possum ni jina la wanyama wa Australia.

Kwa nyoka na mijusi nitasema machache tu. "Víbora de coral" ni coral snake, si viper, na dawa ya sumu yake si ile ya "yarará", ambaye ni pit viper wa jenasi Bothrops. Katika maandishi ya afya tofauti hiyo ni ya uhai. "Lagarto" nchini Bolivia mara nyingi ni caiman, jamii ya mamba, ilhali "lagarto overo" wa Argentina ni tegu, mjusi mkubwa. Watu wengi wa huko humwita "iguana", ilhali iguana siye.

Hatua ya 4: Chagua jina la Kiingereza linalomfaa msomaji

Ukishakuwa na jina la kisayansi, Kiingereza nacho kinaweza kukupa majina mengi. Puma concolor ni puma, cougar, mountain lion, na Florida wanamwita panther. Kwa matini ya Amerika Kusini mimi huandika puma bila kusita. Ni neno la Kiquechua, linatumika huko kwao, na halimhamishi mnyama kwenda Marekani. Coypu au nutria, fuata nchi ya msomaji, ila kama matini inataja otter pia, coypu ni salama zaidi kwa kila mtu.

Usijaribu kusahihisha Kiingereza. Maned wolf si mbwa mwitu wa kweli, na jina lake la Kiguarani, "aguará guazú", linamwita mbweha mkubwa. Hata hivyo maned wolf ndilo jina lililokubalika, na ukibuni lako msomaji hatampata popote. Mara nyingine Kiingereza kimechukua Kihispania kizima. "Monito del monte" wa misitu ya Chile na Argentina, Dromiciops gliroides, anaitwa hivyo hivyo kwa Kiingereza. Maana yake ni kijinyani cha msituni, naye si nyani. Ni mnyama mdogo kama panya, abebaye watoto mfukoni.

Herufi nazo zina desturi zake. Orodha za ndege huandika majina kwa herufi kubwa, Andean Condor, Southern Lapwing, na machapisho ya ndege hufuata hivyo. Kwa mamalia, maandishi mengi hutumia herufi ndogo isipokuwa jina la mahali au la mtu: giant anteater, lakini Patagonian mara na Geoffroy's cat. Vicuña hubaki na alama yake juu ya n, ila pudú hupoteza alama na kuwa pudu. Angalia pia mwaka wa orodha unayotumia, kwa sababu spishi hugawanywa. Mwaka 2013 watafiti walimtenga oncilla wa kusini kuwa spishi yake, Leopardus guttulus, kwa hiyo ripoti ya zamani na ripoti mpya zinaweza kumwita paka yule yule kwa majina mawili.

Hatua ya 5: Watoto wa wanyama

Kihispania kinatosheka na "cría" kwa mtoto wa karibu mnyama yeyote. Kiingereza hakikubali. Mtoto wa jaguar ni cub, wa sea lion ni pup, wa tapir ni calf, wa ndege ni chick. Kwa llama, alpaca, vicuña na guanaco, wanyama wa jamii ya ngamia, Kiingereza kimeazima neno lenyewe, cria. Patagonia mtoto wa guanaco ana jina lake, "chulengo", na mtoto wa rhea ni "charabón". Kwenye maandishi ya utalii au fasihi, "chulengo" naliacha na kulieleza mara moja. Kwenye jedwali la sensa, andika young guanaco.

Hatua ya 6: Hakikisha kwamba neno linamtaja mnyama

Tigre ni mji karibu na Buenos Aires, na hautafsiriwi. Isla de Lobos ni kisiwa cha Uruguay chenye fur seals wengi na sea lions pia, nacho hubaki na jina lake. Facundo Quiroga, mbabe wa kivita wa Argentina wa karne ya 19, aliitwa "el Tigre de los Llanos". Lakabu kama hiyo hubaki tiger, kwa kuwa msemaji alitaka ukali wa jina, wala hakuwa akihesabu wanyama. Katika hadithi za mashambani uamuzi unategemea msomaji wako. Mimi huandika jaguar kwa msimulizi, na tiger pale tu mhusika anapozungumza na lahaja yake ina maana kwenye hadithi.

Hatua zote kwenye sentensi moja

Chukua sentensi kama hii, tuseme ni ya ripoti kutoka kinamasi cha Iberá, mkoani Corrientes: "En el bañado vimos dos nutrias y un lobito de río, y en la orilla había rastros de tigre; más lejos, los perros corrieron una comadreja."

Kwa kamusi pekee utapata: In the marsh we saw two otters and a little river wolf, and on the bank there were tiger tracks; farther off, the dogs chased a weasel. Wanyama wanne, na hakuna hata mmoja aliye sahihi.

Sasa pitia hatua. Mahali ni Argentina, kwa hiyo "nutria" ni Myocastor coypus. "Lobito de río" ni Lontra longicaudis, na kijineno cha udogo kinatuambia si giant otter, ambaye naye anarudishwa Iberá. "Comadreja" ni opossum, ila hatujui ni overa au nyingine, basi tunaishia kwenye opossum. Imebaki "tigre", na hapa tazama tarehe ya ripoti. Jaguar alikuwa ametoweka Iberá kwa miongo mingi, hadi Januari 2021 alipoachiwa jike aitwaye Mariua na watoto wake wawili. Ripoti ya 2023 haina shida. Ripoti ya 1995 ingetaka swali kwa mteja kabla ya kuituma: je, aliyeandika aliziona kweli nyayo za jaguar, au ni za puma?

Tukiichukua kuwa ya 2023, tafsiri ni: In the marsh we saw two coypus and a neotropical otter, and there were jaguar tracks on the bank; farther off, the dogs chased an opossum.

Pamoja na tafsiri, mtumie mteja jedwali dogo la safu tatu: jina la Kihispania kama lilivyo kwenye matini, jina la kisayansi, na jina la Kiingereza ulilochagua. Weka alama kwenye yale uliyoyaamua kwa kutumia mahali na tarehe tu. Mtaalamu wa wanyama upande wa pili atayapitia kwa dakika chache, na jedwali hilo litakufaa tena ripoti nyingine ya mkoa huo ikija. Ila usilibebe kulipeleka Peru bila kulipitia upya.